Mgeni hanunui kiwanja cha ufukweni Mikindani
Wengi hapa Mtwara huamini kuwa mgeni kutoka nje ya nchi mwenye pesa anaweza kununua kiwanja Mikindani, ajenge nyumba ya mapumziko, kiwe chake moja kwa moja. Si kweli, na inaniuma kuona mzee anatia dole gumba kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wamekaa mkekani. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Nyumba ya kupumzikia familia haimo. Na ile sehemu inayotamaniwa, minazi inapoinamia maji? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kupanga nyumba, anaruhusiwa.