Kangaga la utando: mmea wa Amani wenye jani la unene wa seli moja

Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, huanza kuyaona makangaga, mimea isiyotoa maua, angali njiani, yakiwemo yale ya miti, yenye shina lililosimama kama la mnazi, ambayo hupenda mabonde yenye vijito. Yapo mengine ambayo hata mzaliwa wa Usambara huyapita bila kuyatambua, kwa kuwa mengi ni mafupi kuliko kidole na hujibandika juu ya mawe na magome ya miti hata yakadhaniwa kuwa ni ukoga wa kijani. Hayo ni ya familia ya Hymenophyllaceae, yenye spishi zaidi ya 400 duniani, na katika makala haya tunayaita makangaga ya utando.

Jina hilo limetokana na jani lake. Jani la muhogo, kwa mfano, lina matabaka kadhaa ya seli, limepakwa nta inayozuia maji yasipotee, na lina vitundu vidogo vinavyofunguka na kufungika kwa kadiri ya haja ya mmea. Jani la kangaga la utando, ukiacha mishipa yake, kwa kawaida lina unene wa seli moja tu, halina vitundu, na nta yake ni hafifu mno. Hunywa maji kwa uso wake wote na huyapoteza kwa njia hiyo hiyo, na baadhi ya spishi hazina hata mizizi.

Mmea wa namna hiyo hauwezi kuishi popote. Amani iko kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, mahali ambapo pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hulazimika kupanda mlima, zikapoa na kuangusha mvua ya takriban milimita 1,900 kwa mwaka. Ndiyo maana kaskazi ya Januari inapokausha nyasi za Tanga mjini, chini ya miti mirefu ya Amani mawe ya kando ya vijito hubaki na unyevu. Zipo spishi za jenasi ya Hymenophyllum, mojawapo ya makundi ya familia hii, ambazo jua likizidi hujikunja, zikangoja, kisha zikafunguka tena mvua inyeshapo. Nyingi za kundi la Trichomanes hazina ustahimilivu huo.

Uzazi wake nao unategemea maji. Spora, yaani chembe ndogo za uzazi, za makangaga mengi hukaa muda mrefu zikiwa kavu, lakini za familia hii ni za kijani, zimekwisha kuanza kujitengenezea chakula kwa mwanga kama jani, na hufa upesi zisipotua penye unyevu. Ikiota, spora haizai kangaga moja kwa moja, bali huzaa kimmea kidogo mfano wa uzi au utepe, ambacho juu yake mbegu ya kiume huogelea katika tone la maji hadi ilifikie yai. Kwa hiyo kundi lililotoweka katika bonde moja si rahisi kurudishwa na upepo kutoka bonde jingine.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na eneo la zaidi ya hekta 8,000, na ukataji wa miti mikubwa ndio unaotazamwa zaidi. Kwa maoni yetu, hatari iliyo kubwa zaidi kwa kangaga hili haionekani kwa mbali. Iliki, zao ambalo kaya nyingi za Usambara Mashariki zimelitegemea, hupandwa chini ya miti mirefu baada ya kufyekwa vichaka na miche. Msitu huonekana mzima ukiutazama kutoka barabarani, ilhali ndani upepo unapita, mwanga unafika chini, na magome yanakauka.

Anayetaka kuliona aende asubuhi wakati wa masika, akiwa na kioo cha kukuzia, na achunguze upande wa jawe usiopigwa na jua. Vifuko vya spora viko ukingoni mwa jani: vya Hymenophyllum vina midomo miwili kama kombe, na vya Trichomanes ni mfano wa faneli yenye unywele unaochomoza. Tunaomba lisibanduliwe, kwa kuwa litakuwa limekauka kabla ya kufikishwa Muheza.