"Linalofikika" si "rahisi"

Juzi tena, semina. Mshiriki mmoja, dada wa makamo, alisema anataka kujifunza kuogelea, na kabla mwaka haujaisha aogelee mita 1,000 bila kupumzika. Mwezeshaji akatabasamu. "Dada yangu, weka lengo linalofikika. Tuandike mita 50." Akaifuta 1,000 ubaoni kwa kiganja. Hakumuuliza kama ana mwalimu, kama kuna bwawa karibu, wala ana siku ngapi za mazoezi kwa wiki.

Lengo linalofikika ni lengo ambalo mtu anaweza kulifikia kwa uwezo, muda na nyenzo alizo nazo au anazoweza kuzipata. Basi. Fasili yenyewe haina mzozo. Kinachonikera ni kwamba neno limegeuzwa kuwa jina la adabu la "lengo dogo".

Hebu tulichambue. Kitenzi ni fika. Kikiingia kauli ya kutendeka kinakuwa fikika, kama pita inavyozaa pitika, soma ikazaa someka, na tekeleza ikazaa tekelezeka. Hapo kiambishi -ik- au -ek- kinatuambia kwamba jambo lina uwezekano wa kutendwa. Kuhusu jasho hakisemi chochote. Barabara ya udongo baada ya mvua "inapitika" hata kama gari limesukumwa mara mbili na abiria wamefika na matope magotini. Mwandiko "unasomeka" hata kama umeukodolea macho robo saa. Na ndiyo maana tunasema "maeneo yasiyofikika kwa urahisi". Kama urahisi ungekuwa tayari ndani ya fikika, hayo maneno mawili ya mwisho yangekuwa na kazi gani? (Watu walewale wanaosema hivyo asubuhi ndio wanaokata malengo ya wenzao mchana.)

Ukiwabana, hukimbilia SMART, kile kifupi cha Kiingereza cha sifa tano za lengo zuri kinachobandikwa kila ukuta wa ofisi, ambamo A siku hizi husomwa "achievable", yaani linalofikika. Kilitoka kwenye makala ya George T. Doran ya mwaka 1981, na humo herufi A haikuhusu kufikika kabisa. Ilitaka ijulikane nani amekabidhiwa kazi. Suala la uwezekano lilikaa kwenye R: ni matokeo gani yanaweza kupatikana kihalisia kwa rasilimali zilizopo. Kipimo chake kilikuwa rasilimali. Ukubwa wa namba haukutajwa. "Kufikika" kulipachikwa baadaye na waliorithi kifupi hicho.

Tena, mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Locke, alikwisha kuonyesha kwamba malengo magumu yaliyo bayana huleta utendaji bora kuliko malengo mepesi, na kuliko ile kauli yetu pendwa ya "jitahidi uwezavyo". Masharti yapo: mtu awe na uwezo, na awe amelikubali lengo kwa moyo wake. Lakini udogo haumo katika masharti hayo.

Dada yule aliandika 50 kwenye daftari lake, akalifunga. Sikusema kitu, nami nimejilaumu tangu siku hiyo. Kwa hiyo naliweka hapa, kwa heshima zote kwa mwezeshaji ambaye semina yake kwa mengine yote ilikuwa nzuri: kabla ya kufuta namba ya mtu, muulize bwawa liko wapi, nani atamfundisha, na ataingia majini mara ngapi kwa wiki. Akijibu kwamba anaingia mara tatu na mwalimu anaye, rudisha 1,000 yake. Na kama hana bwawa kabisa, hata hizo 50 ulizomwandikia hazifikiki.