Pikogramu zako hazinitishi

Mjomba kanitumia tena ile klipu ya WhatsApp: tone la damu, kichipu kidogo, na sauti nzito inayotangaza saratani kugunduliwa papo hapo. Chini kaandika: "Si ndicho unachotengeneza? Mbona hukileti?"

Haya mjomba, nakujibu hapa ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Kichipu kipo. Elektrodi ya kaboni iliyochapwa kwenye plastiki, juu yake chembe nano (ndogo mno) za dhahabu, juu ya dhahabu kingamwili za kunasa PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kisha BSA, protini ya damu ya ng'ombe, ya kuziba mapengo. Unatia ferisianidi, kemikali inayobadilishana elektroni na elektrodi, unapima mkondo wa umeme. PSA ikinaswa, inaziba njia ya elektroni na mkondo unashuka. Ndiyo hivyo tu.

Wanaonichosha ni wenzangu wanaoshindana kushusha kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho kichipu kinaweza kukiona. Huyu kafika pikogramu (sehemu ya elfu ya nanogramu), yule femtogramu (sehemu ya elfu ya pikogramu), bado kidogo tutasikia nusu ya molekuli. Kiwango cha PSA kilichozoeleka cha kumshtua daktari ni nanogramu 4 kwa mililita, na mashine za hospitali zinakisoma bila taabu. Nakubali, mgonjwa aliyeondolewa tezi dume anafuatiliwa kwa viwango vya chini zaidi. Wengine wote, hiyo femtogramu ya nini? Na umeipima ndani ya nini? Jibu huwa lilelile: ndani ya bafa. Maji ya chumvi! Hakuna mgonjwa mwenye bafa mishipani.

Seramu, yaani majimaji ya damu iliyoganda, ina protini iitwayo albumini, hiyo peke yake kama miligramu 40 kwa mililita, yaani kwa uzito mara milioni 10 ya hiyo PSA. Ni kumtafuta mtu mmoja katika Dar es Salaam mbili, huku wakazi wote wakigombea kiti chake. Albumini inajikalia kwenye dhahabu bila kualikwa, mkondo unashuka vilevile, na potenshiostati, mashine inayopima mkondo, haijui nani kakaa.

Usinitajie kipimo cha sukari, kwamba mbona chenyewe kinaweza kwa tone la damu. Glukosi, sukari ya damu, kwa idadi ya molekuli iko mamilioni ya mara kuliko PSA, tena kimeng'enya chake kinafanya kazi mfululizo, kila molekuli ikitoa elektroni zake. Kingamwili inashika, basi, imekaa.

Halafu PSA si saratani. Tezi ikitanuka inapanda, ikipata maambukizi inapanda. Mjomba mwenyewe mwaka juzi alisomewa 6, akaanza kugawa mashamba. Biopsi (kipande cha tezi kilichokatwa na kuchunguzwa) ikatoka safi. Kipimo hakikukosea hata kidogo, ila swali la mjomba, kama ana saratani, si la kipimo hicho kujibu.

Sasa aibu yangu. Nikidondosha mikrolita 5 za maji yenye chembe za dhahabu yakauke, chembe zinakimbilia ukingoni na kuacha duara, kama la kikombe cha chai mezani. Vichipu viwili vya siku moja, mkono mmoja, havifanani. Kuna siku nashindwa kusema kama dhahabu yangu imeongeza usikivu au imeongeza tu mahali pa uchafu kushika.

Mwezi uliopita nilijaribu kichipu kisicho na kingamwili hata moja, kwenye seramu ambayo sikuongeza PSA. Mkondo ukashuka kwa karibu nusu ya kiasi unachoshuka kwenye kichipu kamili. Nikarudia. Ukashuka tena.

Mjomba, bado sikileti.