Kwa nini gari la porini hutangatanga barabarani hata baada ya kufanyiwa alaimenti?

Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi kwenye Ziwa Victoria lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi, na huko juu hakuna mashimo ya kusingizia. Gari lenye ugonjwa wa usukani huumbuka hapo. Upepo wa ziwa unapiga ubavuni, gari linasogea kulia, unalirudisha, linapitiliza kushoto, unalirudisha tena. Ukifika upande wa Sengerema mabega yanauma kama uliyekuwa unapiga kasia.

Wenye Land Cruiser, zile tunazoziita mkonga, na wenye Hilux na Prado zilizonyanyuliwa, huuliza swali lile lile: nimepeleka gari alaimenti mara mbili, tatu, mbona bado linatangatanga? Ni kwa sababu alaimenti ya haraka hurekebisha kipimo kimoja tu, yaani kama matairi ya mbele yanatazama mbele sawasawa au yanaelekeana. Kutangatanga mara nyingi kunatoka kwingine: kitu kilicholegea, au pembe ambayo mashine iliionyesha na hakuna aliyeigusa.

Kwanza tutenganishe magonjwa mawili yanayochanganywa kila siku. Kuvuta ni gari kwenda upande mmoja, ule ule, kila ukiachia usukani. Kutangatanga ni gari kutokuwa na upande: mara huku, mara kule, na wewe kazi yako ni kulikumbusha njia. Dawa zake hazifanani.

Kuvuta kuna majibu rahisi, nayo tuyamalize upesi. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima kabisa huteremka kushoto polepole. Huo si ugonjwa. Likivuta kwa nguvu, pima upepo wa matairi yakiwa yamepoa. Wengi hupunguza upepo kupita kwenye udongo mweusi wa mbuga kule Magu au Kwimba, wakirudi kwenye lami wanajaza tairi moja vizuri na jingine kwa kukisia. Halafu badilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto. Mvuto ukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi, na hakuna alaimenti itakayoliponya. Usipohama, endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Rimu yenye joto kuliko wenzake ina breki inayong'ang'ania.

Sasa tuje kwenye kutangatanga, ambako ndiko watu wanakotupa pesa.

Chukua baiskeli, ishike kwenye kiti tu, isukume mbele. Usukani unajinyoosha wenyewe. Vijana wanaotoka Kisesa na mizigo huachia mikono yote miwili na baiskeli inaendelea kunyooka. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba ile uma ya mbele imelala nyuma kidogo: ukiuchora mstari wake mpaka chini, unagusa ardhi mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Tairi basi linaburutwa nyuma ya mstari huo, na kitu kinachoburutwa hujipanga nyuma ya kinachokiburuta. Pembe hiyo kwenye gari ndiyo kasta. Kwenye Land Cruiser nyingi zenye ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, kiwandani huwa karibu digrii 3, sehemu ya juu ikiwa imelala nyuma. Digrii 3 ni kidogo sana kwa macho, lakini ndizo zinazourudisha usukani katikati baada ya kona.

Ukinyanyua gari, unaziiba. Gari lenye springi za koili mbele likipanda inchi 2 kwa kubadilisha springi tu, ekseli huzungukia mbele kwenye mikono yake na kasta hupungua kwa takriban digrii 1 kwa kila inchi. Zikibaki digrii 1 kati ya 3, usukani unakuwa mwepesi, wa kupendeza pale mjini unapogeuza gari, halafu kwenye mwendo wa kilomita 80 hauna kumbukumbu ya katikati. Mkonga za zamani zina springi za majani mbele. Za kuanzia 1999 zina koili mbele. Kwenye majani, anayerefusha kile chuma kinachobeba ncha ya springi kwenye chasisi anaizungusha ekseli, na kama itazungukia mbele au nyuma inategemea chuma hicho kiko ncha ipi. Ndiyo maana magari mawili yaliyonyanyuliwa kwa inchi zile zile yanaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

Kuna njia nyingine ya kuipoteza kasta ambayo haisemwi vya kutosha. Mtu anaongeza majani ya springi nyuma kwa ajili ya mizigo ya Geita, nyuma kunapanda, pua inainama, na kasta inapungua bila mbele kuguswa. Gari likiwa na mzigo linatulia, likiwa tupu linatangatanga. Dereva akikwambia hivyo, amini, na uangalie gari lilivyosimama kabla hujafungua nati yoyote.

Dawa ipo na si ya kubahatisha: kabari za chuma kati ya springi ya jani na ekseli, au kwa zenye koili, bushi (zile raba za kwenye maungio) ambazo tundu lake halipo katikati. Ila kabari iwekwe upande sahihi. Ikigeuzwa inamaliza hata ile kasta iliyobaki.

Kabla ya kabari, tafuta kilicholegea. Hapa nina msimamo: kupima pembe kwenye gari lenye bushi zilizokufa ni kupima nguo juu ya mtu anayecheza ngoma. Barabara za vumbi zenye makunyanzi kama bati hulegeza kila kitu, taratibu, mpaka dereva anazoea.

Gari likiwa chini, magurudumu yamekanyaga, hendibreki juu na magogo mbele na nyuma ya matairi, injini inanguruma ili pawa stelingi ifanye kazi. Mwenzako aucheze usukani kushoto na kulia, kidogo tu, haraka haraka. Wewe lala chini, weka vidole juu ya kila kiungo kwa zamu. Usitegemee macho. Tairodi endi, kile kiungo cha ncha ya fito inayogeuza magurudumu, ikichoka unaisikia: upande mmoja wa kiungo umeshaondoka na upande wa pili bado haujajua. Pita kwenye ile fito inayoshika ekseli isiende kando, kagua bushi zake, kisha shika boksi la stelingi lenyewe pale linapofungwa kwenye chasisi. Nimeona boksi linalohema kwenye bolti zake, na mwenye gari alikuwa ameshabadilisha tairodi zote.

Kosa moja linaniumiza kila nikiliona. Usukani ukiwa na mchezo, yaani unazunguka kidogo kabla magurudumu hayajageuka, fundi anakaza skrubu iliyo juu ya boksi mpaka mchezo unaisha. Mteja anafurahi mpaka anaondoka. Boksi lililokazwa kupita kiasi linang'ang'ania pale ulipoliacha. Usukani haurudi katikati, na gari linatangatanga kuliko mwanzo.

Baada ya hapo inua gurudumu, weka stendi chini ya ekseli, usiiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea ilikuwa beringi ya gurudumu. Ukibaki, kwa gari lenye ekseli nzima ni beringi za kingpini, zile ambazo gurudumu linageukia juu yake.

Beringi za kingpini zina mkazo wake, na mkazo huo hupimwa kwa mizani ya springi. Hapa Mwanza hatuna shida ya mizani hiyo; ndiyo ile ile inayoning'inizwa sangara pale mwaloni Kirumba. Unafungua tairodi, unaingiza ndoano kwenye mkono wa kugeuzia gurudumu, unavuta taratibu na kusoma kilo zinazohitajika gurudumu lianze kugeuka, kisha unalinganisha na kitabu cha gari. Nyepesi mno, gurudumu linatetemeka. Nzito mno, halirudi. Kushoto na kulia zikipishana sana, usukani utakuwa na upande unaoupenda. Sijui kwa nini kipimo hiki cha dakika kumi kinarukwa, wakati shokapu ya stelingi inabadilishwa kila mara. Shokapu hiyo hupoza mtikisiko tu. Kasta iliyopotea hairudishi.

Matairi nayo yanasimulia, ukijua kuyasikiliza kwa kiganja. Yaliyolika katikati yalijazwa upepo mwingi, yaliyolika mabega yote mawili yalikosa upepo. Lililolika bega moja tu mara nyingi linasema kemba, yaani tairi limeegemea upande; na kwenye ekseli nzima kemba hairekebishwi kwa bolti, kwa hiyo shuku beringi za kingpini au ekseli iliyopinda. Kisha pitisha kiganja kukatiza tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu ndani kwenda nje. Ukiona ni laini kuingia na linakwaruza kutoka kama msumeno, matairi yanaelekeana mno. Ikiwa kinyume, yanatazama nje, na hilo peke yake linatosha kulifanya gari liwe na wasiwasi.

Hilo unaweza kulipima mwenyewe. Inua mbele, zungusha kila tairi huku umeegemeza chaki, kisha msumari, upate mstari mmoja mwembamba kulizunguka. Shusha gari, lisukume mbele kidogo litulie. Pima kwa futi kutoka mstari hadi mstari, kwa mbele na kwa nyuma ya matairi, kimo cha katikati ya gurudumu. Mbele iwe ndogo kuliko nyuma kwa milimita chache tu. Kiasi kamili kiko kwenye kitabu cha gari lako.

Bado ekseli ya nyuma, ambayo husahaulika kwa sababu haigeuki. Gari lililobebeshwa kupita kiasi hukata bolti ya katikati ya springi, ekseli inateleza upande mmoja, na gari linaanza kutembea kama kaa: usukani umepinda, gari linakwenda mbele. Masika ni msimu mzuri wa kuligundua. Pita kwenye dimbwi, nyoosha gari mita ishirini kwenye sehemu kavu, shuka utazame nyayo. Nyayo za nyuma zikiingia ndani upande mmoja na kutoka nje upande wa pili, ekseli imehama. Hakikisha kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili, usukani ukiwa umenyooka. Ila ukiwa na mkonga ya V8, zilizoanza kutengenezwa 2007, usishtuke nyayo za nyuma zikiwa ndani pande zote mbili kwa usawa. Nyuma kwake ni kwembamba kuliko mbele kwa milimita 95, kumetoka hivyo kiwandani.

Hapo ndipo alaimenti inapokuwa na maana. Peleka gari na mzigo linaobeba siku zote, tenki likiwa na mafuta, na umwombe fundi akuandikie kasta ya kushoto na ya kulia kwenye karatasi, kabla na baada. Halafu vuka Kigongo siku yenye upepo, mikono miepesi kwenye usukani.