Tango la chupa si tango la sokoni

Wagonjwa wa presha wakija kliniki nikawauliza wanakula nini, chumvi ya mezani huitaja upesi. Tango la siki hawalitaji. Kwao hiyo ni mboga tu, vile vipande vitatu vinne vilivyobanwa ndani ya baga au kupangwa kando ya kuku wa kuchoma.

Ni mboga kweli. Gramu 100 za tango la siki lisilotiwa sukari zina kalori takriban 12, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ni maji. Kuna vitamini K kiasi na nyuzinyuzi kidogo. Anayepunguza uzito hana cha kuogopa hapo. Tatizo ni sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi. Tango bichi lina miligramu 2 hivi katika gramu 100. Likishalala kwenye maji ya chumvi na siki, hupanda hadi 800, na mengine hupita 1,000. Chumvi hiyo huingia hadi katikati ya kipande, kwa hiyo kulisuuza juu juu bombani hakusaidii sana.

Geuza chupa usome lebo. Wengi hukwama hapa, kwani mara nyingi huandikwa sodiamu badala ya chumvi, tena kwa kipimo cha gramu 28, yaani vipande vichache. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Lebo ikisema miligramu 260, hiyo ni gramu 0.65 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, na humo mkate, mchuzi na chipsi vimo. Halafu nani huishia vipande vichache chupa ikiwa wazi mbele yake?

Yale matamu huwa na chumvi pungufu, lakini sukari yake hufika gramu 18 hivi katika gramu 100, zaidi ya vijiko vinne vya chai. Mwenye kisukari asiyahesabu kama kachumbari.

Husemwa pia kwamba yana bakteria wazuri wa tumbo. Wapo kwenye matango yaliyochachushwa kwa maji ya chumvi bila kupashwa moto, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye jokofu. Mengi ya kwenye rafu za duka yametiwa siki kisha yakapashwa moto, humo usiwatafute.

Mwenye presha akiyatamani, vipande viwili vinatosha, avichuje maji kwanza, na kachumbari atakayovichanganya nayo asiitie chumvi nyingine. Maji yanayobaki kwenye chupa ayamwage. Nasema hivyo kwa kuwa nawajua wanaoyanywa.