Umangi Mkuu wa kura

Moshi bado inasemwa kwamba Wachagga walikuwa watu wa kutii mangi, yaani chifu wao, tu, na kura ziliwajia na uhuru. Si kweli, na inawanyima wazee wetu haki yao. Ni kweli mangi wengi walirithi. Lakini chama cha raia kilichoongozwa na Petro Njau kilidai kiongozi mmoja wa kuchaguliwa, na kwa kura Thomas Marealle akawa Mangi Mkuu, akasimikwa 1952. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, wananchi wakapiga kura tena: wanataka rais wa Wachagga wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Na kwenye mifongo, ile mifereji ya maji ya mlimani, watumiaji wenyewe walipangiana zamu. Aliyekwepa kuzibua alitozwa faini.