Kabla Hujanunua Turbo Nyingine

Kwenye karakana yetu ya mafunzo kuna sanduku la mbao lililojaa turbo zilizotupwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huanzia hapo: anachagua moja, anashika shafti kwa vidole viwili na kuitikisa. Nyingi ni nzima. Zilifika kwetu kama vyuma chakavu kwa sababu mtu aliona oili ikidondoka chini yake, akatangaza kwamba turbo imekufa.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye silinda, nyingine inasukuma hewa safi kuingia humo. Kwenye gari dogo shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyo inaingia kwa juu kupitia bomba jembamba, kwa presha ya pampu ya injini. Inatoka kwa chini kupitia bomba pana, na huko hakuna pampu yoyote. Inashuka kwa uzito wake hadi irudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Wengi wanadhani ndani yake mna oili sili ya mpira. Mpira ungeungua mara moja. Kilichomo ni vipete vya chuma mfano wa ringi za pistoni, na vinasaidiwa na presha ya hewa na ya moshi inayoirudisha oili ndani. Kwa hiyo oili ikikosa njia ya kushuka, itapenya kwenye vipete hivyo hata kama turbo imetoka kiwandani leo asubuhi.

Tuliwahi kuletewa Subaru Forester ya turbo ambayo mwenyewe alikwisha kufungiwa turbo ya pili, ya mtumba. Moshi wa bluu, dalili ya oili inayoungua, ulikuwa umerudi baada ya wiki. Tulichokuta ni mpira wa kurudishia oili uliokunjika wakati wa kufunga, na valvu ya PCV, ile inayoiwezesha injini kupumua, imeziba kwa uchafu mweusi. Gesi zinazopenya kando ya pistoni zikikosa pa kutokea, presha hupanda ndani ya injini na kuizuia oili ya turbo isishuke. Tulibadilisha mpira na valvu, turbo tukaiacha palepale. Moshi haukukoma siku hiyo, maana oili iliyokwisha kumwagika kwenye njia ya hewa na ekzosi lazima iungue kwanza. Mwenye gari alitupigia simu mara tatu kwa hasira. Hakupiga ya nne.

Upumuaji wa injini unapimwa bila kifaa. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, legeza mfuniko wa kujazia oili na uuache umekaa tu juu ya tundu. Kutetemeka kidogo si neno. Ukirukaruka kama mfuniko wa sufuria ya maharage, anza na PCV na mipira yake; zikiwa safi, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, huenda ringi za pistoni zimechoka. Angalia pia kijiti cha oili. Oili iliyozidi alama ya juu huleta balaa hilohilo, na mara nyingi aliyezidisha ni mwenye gari mwenyewe, kwa nia njema.

Oili inayoonekana nje ya injini ina kesi yake. Oili hutiririka kwenda chini, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea ni mwisho wa safari yake. Osha injini kwa dawa ya kuondoa grisi, ukiwa umefunika alteneta na soketi za umeme, ikaushe, kisha nyunyiza poda ya kawaida ya mtoto kwenye sehemu unazozishuku. Endesha kidogo, urudi na tochi. Tafuta palipolowa juu kuliko pote. Kama uvujaji ni mdogo sana, kuna rangi maalumu ya kuchanganya kwenye oili, inayong'aa ukiimulika kwa taa ya urujuanimno.

Kwenye Forester nianzie wapi? Silinda zake zimelala, kwa hiyo kava za valvu zimekaa ubavuni na oili huilalia gasketi muda wote. Gasketi ikikakamaa, oili hudondokea kwenye mabomba ya ekzosi yaliyo chini yake, na harufu ya kuungua huingia ndani ya gari. Turbo iko jirani tu, basi lawama inaangukia huko. Baada ya hapo kagua washa za shaba kwenye bolti za bomba la kuingizia oili. Kila zikifunguliwa ziwekwe mpya. Na tafadhali, silikoni isipakwe kwenye mabomba ya oili ya turbo. Kipande kikimeguka kinaziba njia, na shafti isiyopata oili haina muda mrefu.

Ukitaka kuihukumu turbo yenyewe, fungua mpira wa hewa inayoingia kwenye turbo, injini ikiwa imepoa. Utando mwembamba wa oili ndani yake ni wa kawaida, kwani hewa ya PCV hupitia huko. Dimbwi si la kawaida, ingawa hata hapo angalia kwanza filta ya hewa: ikiziba, feni hufyonza oili badala ya hewa. Kisha shika shafti. Kucheza kidogo kwa upande kunaruhusiwa. Kwenda mbele na nyuma kusisikike kabisa kwa vidole. Mapanga ya feni yakiwa na alama za kukwaruza nyumba yake, hapo nunua nyingine. Ukiwa umetoka kuupanda mlima kama Kitonga na mzigo, usizime gari papo hapo. Iache iungurume dakika moja au mbili, la sivyo oili iliyobaki kwenye turbo ya moto itageuka mkaa.

Wenye Hilux na Prado za dizeli wana la ziada. Injini ya dizeli inaweza kuunguza oili yake yenyewe ikivutwa kutoka kwenye turbo, ikapandisha mzunguko bila mtu kukanyaga mafuta, na kuzima ufunguo hakusaidii. Kwa gia ya mkono, ingiza gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, uachie klachi mpaka injini izimike. Ikishindikana, tokeni garini na msogee mbali. Asiinamie mtu kwenye boneti. Dizeli yenye dimbwi la oili kwenye mpira wa hewa isiwashwe kupelekwa gereji. Ivutwe.